Gari Jekundu la Hallowby
Sehemu ya Nane

"Karibu tena Hallowby, Bwana Ackroyd. Safari hii mke wako haendeshi?"

Hilo ndilo swali tulilolala nalo tangu Jumamosi iliyopita. Keeley, binti wa mapokezini kwenye uwanja wa magari ya mbio, alilitoa huku akitabasamu, na Trevor Ackroyd akajifanya hakulisikia. Alisema anakwenda msalani, akaondoka kwa hatua ndefu. Mke wake wa miaka thelathini na mmoja, Denise, alibaki kaunta ameshika kalamu. Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga Hallowby.

Wengi mmeniuliza wiki nzima: kama hakuwa Denise, alikuwa nani? Leo mtajua, na yeye atajua pamoja nanyi.

Denise aliomba aione kumbukumbu ya ziara hiyo ya kwanza. Aliomba kwa sauti ile ile anayotumia kuwauliza watoto wa shule, pale jikoni anakofanya kazi, kama wanataka kuongezewa mchuzi. Keeley akageuza kioo cha kompyuta.

Picha ya tarehe kumi na moja Aprili. Ferrari nyekundu, mlango wazi. Trevor amesimama kushoto, kofia ngumu kwapani. Kulia kwake mwanamke mwenye koti la kijani, nywele zimevurugwa na upepo, anacheka mdomo wazi. Kiganja cha Trevor kimetulia nyuma ya shingo ya mwanamke huyo.

Denise hakuhitaji kutazama uso. Koti lile alilijua, kwa sababu alikuwepo siku liliponunuliwa. Lilikuwa la shoga yake Pauline Stubbs, aliyekuwa amewafuata kwa gari lake, na wakati huo huo alikuwa nje ya dirisha, hatua kumi tu, amelivaa, anamimina chai kutoka kwenye chupa.

Siku hiyo ya Aprili Trevor alikuwa mjini Leeds kwenye mkutano wa walimu wa udereva. Ndivyo alivyosema. Denise ndiye aliyempigia shati pasi.

Keeley aliona mambo yameharibika. Akataka kufunga picha, Denise akamzuia mkono kwa upole. Aliendelea kuitazama, na kilichomrudia kichwani hakikuwa Aprili. Kilikuwa Julai.

Julai ndipo zawadi hii ilipochaguliwa, mezani kwake, Pauline akiwa amekaa kiti cha dirishani. Trevor alikuwa anakaribia kutimiza miaka sitini. Denise alitaka uwanja mdogo ulio karibu na kwao Gainsborough, gari moja la Kiingereza la zamani, mizunguko mitatu, basi. Pauline akamcheka. Akafungua ukurasa wa Hallowby mtandaoni: gari moja, matatu au matano, mizunguko mitatu au sita, asubuhi au mchana, na ukitaka, mwisho wa siku unazungushwa na dereva wao kwa kasi ya kukutoa roho. Denise akachanganyikiwa. Pauline ndiye aliyemwongoza, kidole juu ya kioo, kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Hallowby. Asubuhi. Mizunguko sita. Ferrari.

"Mchukulie nyekundu, shoga," alisema. "Mwanaume wa umri ule namjua."

Denise akajibu kwamba yeye ndiye aliyelala naye miaka thelathini na mmoja, na bado hajui kama mume wake anapenda nyekundu. Wakacheka wote wawili mpaka wakapangusa macho.

Kumbe mmoja wao alikuwa anacheka kitu kingine.

Denise aliweka kalamu chini. Akamuuliza Keeley mambo mawili, taratibu, kama anayeuliza saa. La kwanza, ile picha ya Aprili bado inaweza kuchapwa? Keeley akasema inaweza, kubwa, kwenye fremu ya karatasi ngumu, dakika tano. La pili, vocha ya leo iko kwa jina la nani? Keeley akatazama. Vocha ilikuwa kwa jina la mnunuzi, Denise Ackroyd. Dereva angeweza kubadilishwa mpaka maelezo ya usalama yaanze, mradi huyo mwingine awe na leseni.

Denise akatoa leseni kwenye pochi, akaiweka juu ya kaunta.

"Una hakika, mama?" Keeley alinong'ona. "Mabadiliko hayarudishwi."

"Chapa picha," Denise alisema.

Sasa, mnaomfuata Trevor tangu sehemu ya kwanza mnajua riziki yake ni kufundisha watu kuendesha. Nusu ya Gainsborough imepata leseni kwenye gari lake la kijivu lenye jina la Ackroyd juu ya paa. Mke wake alijaribu kufundishwa naye mara mbili, na mara zote mbili alishuka njiani akilia. Leseni aliipata baadaye kwa mwalimu mwingine, mwanamke, kwa siri. Trevor alipojua, alicheka siku tatu. Hakumruhusu kugusa usukani wake tena. Wakitoka pamoja, Denise anakaa kushoto na kushika mkoba.

Chumba cha maelezo kilikuwa na watu ishirini hivi, wengi wanaume, wengine na wake zao, wengine na wazazi. Kikombe cha chai mkononi, karatasi ya mkate wenye nyama ya nguruwe gotini. Trevor alikuwa ameketi mstari wa mbele, tayari ameanza kumfundisha jirani yake namna ya kuchukua kona. Alipomwona Denise akapigapiga kiti cha pembeni yake, njoo hapa. Uso wake ulikuwa umetulia. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba swali la Keeley limepita.

Keeley akasoma majina na magari. Bwana huyu, Lamborghini ya kijani. Bwana yule, Porsche. Kisha akamtupia Denise jicho.

"Denise Ackroyd. Ferrari nyekundu."

Trevor akainua mkono, akamwambia binti amekosea. Keeley akasema hajakosea. Trevor akageuka kumtazama mke wake, halafu akawageukia watu, na hapo akafanya kosa lililommaliza. Akatafuta kicheko.

"Mabwana, leo shikeni watoto wenu," alisema. "Huyu kwangu alifeli mara mbili. Kurudi nyuma tu, alipiga gari la padri. Sasa wanampa Ferrari. Leteni fagio, mtaokota vipande."

Chumba kikacheka. Mwanamke mmoja tu, nyuma kule, hakucheka.

Denise alisubiri wamalize. Kisha akatembea mpaka mstari wa mbele, akamwekea mume wake bahasha kubwa mapajani.

"Gari ni langu," alisema. "Zawadi yako hii. Fungua, watu wanasubiri."

Trevor angeweza kuikunja. Angeweza kuikalia. Lakini jirani yake, bwana mwenye tumbo kubwa na moyo mwema, alikuwa ameshainama karibu akitaka kuona zawadi ya mzee, na bahasha ikafunguka. Fremu ilikuwa kubwa. Mwenye tumbo akasema kwa sauti ya furaha kwamba picha imetoka vizuri, na mama naye kapendeza. Kisha akamtazama Denise. Kisha akaitazama picha tena, akainua macho taratibu mpaka dirishani, ambako mwanamke mwenye koti la kijani alikuwa anakata keki ya limau.

Kicheko kikafa chumbani, mtu mmoja mmoja.

Trevor akaigeuza picha kifudifudi. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Alipozungumza alizungumza chini kwa chini, midomo haichezi, ili Denise peke yake asikie.

"Umefurahi? Umeniaibisha mbele ya watu. Nyumbani tutaongea."

Denise alimwangalia kama anavyoangalia sufuria lililoungua, akipima kama linafaa kusuguliwa. Akachukua kofia ngumu, akatoka.

Mwalimu wake uwanjani aliitwa Idris, mzee mfupi wa Wales mwenye mikono mikubwa. Alimfunga mikanda, akamwonyesha kwamba yeye pia ana breki upande wake, akamwambia asiogope kelele. Injini ilipowaka mgongoni mwao, Denise alihisi mbavu zake zinatetemeka kama mfuniko wa birika.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa aibu. Alishika usukani kama anayening'inia juu ya kisima. Kila kona aliikanyagia breki wakati bado iko mbali, na magari mengine yakampita kwa kishindo.

"Breki inakuja mapema mno, mama," Idris alisema. "Nani alikufundisha?"

"Aliyeanza ni mume wangu."

"Huyo alikufundisha kusimama. Kuendesha hakukufundisha."

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yale yalimwingia Denise na kushuka mpaka kwenye mguu wa kulia. Mzunguko wa pili akachelewesha breki kidogo. Wa tatu akachelewesha zaidi. Njia ndefu ya Hallowby, ambayo zamani ndege za kivita ziliitumia kupaa, ilifunguka mbele yake, na kwa mara ya kwanza akakanyaga mpaka chini. Mashamba ya viazi yakageuka mstari wa rangi moja. Akasikia mtu anapiga ukelele ndani ya gari, akagundua ni yeye.

Uzio wa watazamaji ulikuwa mwisho wa njia hiyo. Mzunguko wa nne alipopita hapo aliwaona wote wawili. Trevor alikuwa amemshika Pauline mkono juu ya kiwiko, anamtikisa. Pauline alikuwa anacheka.

Mzunguko wa tano Denise hakuitazama kona. Aliutazama uzio.

Sitawaficha alichokiwaza, maana mlishaanza kumwonea huruma na inabidi mumjue. Aliwaza kwamba uzio ule ni wa nyaya tu. Aliwaza kwamba gari hili lina uzito wa kutosha. Aliliwaza hilo kwa utulivu kabisa, kama anayepanga chakula cha wiki, na mguu wake ukabaki chini huku alama za kufunga breki zikipita moja, mbili, tatu.

Idris alikanyaga kwa niaba yake. Gari likainama, likapiga yowe, magurudumu mawili yakaingia kwenye majani na kurusha udongo, kisha likarudi barabarani na kupunguza mwendo.

"Nani yuko pale uzioni?" Idris aliuliza.

Denise akamwambia. Aliyasema yote kwa sentensi mbili.

Mzee aliuacha mguu juu ya breki yake. Alisema sheria inamtaka amshushe sasa hivi, na akirudia atamshusha. Kisha akasema mke wake mwenyewe aliondoka na mtu miaka ishirini iliyopita, na kwamba yeye pia alikuwa na gari siku ile. "Usiwape na miaka iliyobaki," alisema. "Umebakiwa na mzunguko mmoja. Uendeshe kwa ajili yako."

Aliuendesha. Alipita uzioni bila kugeuza shingo. Idris alimwambia baadaye kwamba katika wote wa asubuhi ile, hakuna aliyeichukua kona ya mwisho vizuri kama yeye, na mtu wa Wales hasemi hivyo kwa kukupamba.

Alishuka, nywele zimemganda usoni kwa jasho. Watu wawili watatu walimpigia makofi. Mwenye tumbo kubwa alivua kofia. Trevor hakuonekana. Aliyekuwa anamsubiri alikuwa Pauline, peke yake, kikombe cha chai mkononi, kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Umependeza humo ndani," Pauline alisema.

"Ulijua wanamkumbuka Trevor hapa. Ulijua watasema."

Pauline hakukana. Alieleza waziwazi, kama anayesimulia alivyohamisha kabati. Alikuwa amechoka. Trevor alimwahidi Pasaka, akamwahidi Agosti, sasa anaongelea Krismasi. Kumwambia Denise ana kwa ana alishindwa, kwa hiyo alipoombwa msaada wa kuchagua zawadi aliona mlango. Alimchagulia uwanja ule ule, gari lile lile na binti yule yule wa mapokezini mwenye kumbukumbu kali. Mizunguko sita aliiongeza ili wakae hapo muda wa kutosha.

"Hukuona haya?" Denise aliuliza. "Umekaa jikoni kwangu kila Alhamisi."

"Niliona. Ikapita."

Denise angempiga. Mkono ulishafumba. Lakini Pauline alikuwa anamtazama kwa namna isiyo ya kawaida, kuanzia viatu mpaka utosi, kama mtu anayekagua kuku kabla ya kulipa.

"Unaonekana mzima mno," alisema. "Hicho ndicho kinachonichanganya. Nimekutazama mizunguko yote sita. Mgonjwa haendeshi vile."

"Mgonjwa nani?"

Pauline akaacha kunywa chai.

"Denise. Si ulipimwa titi mwezi wa pili?"

Alipimwa. Hospitali walimwita kama wanavyowaita wanawake wote wa umri wake, wakambana kwenye mashine, na muuguzi akamwambia asiwe na wasiwasi, majibu yatakuja kwa barua. Barua ilikuja, Trevor alisema. Aliisoma yeye mwenyewe, akamwambia kila kitu kiko sawa, akaitupa. Denise hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kwenda kuwapikia watoto. Barua za asubuhi huokotwa na Trevor.

"Ilisema urudi ndani ya wiki mbili," Pauline alisema. "Nimeisoma kwa macho yangu. Machi. Yeye akaniambia umekataa matibabu, na hutaki mtu yeyote akutajie ugonjwa. Ndiyo maana akasema tusubiri tu. Alisema haifai kumwacha mtu anayeondoka mwenyewe."

Upepo wa uwanjani ulikuwa unavuma kati yao. Nyuma, Lamborghini ya kijani iliwaka na kunguruma.

"Miezi saba," Denise alisema. "Na wewe ukamwamini."

"Ilinifaa kumwamini."

Denise aligeuka kumtafuta mume wake. Hakuwa uzioni. Hakuwa kwenye chumba cha maelezo, wala kwenye kibanda cha mikate. Picha kubwa ilikuwa imeachwa juu ya benchi, kifudifudi. Ndipo alipoliona gari la kijivu lenye jina la Ackroyd juu ya paa, liko mbali, linapita getini pole pole kwa taa ya kushoto ikiwakawaka, kama anavyowafundisha wanafunzi wake.

"Anaiweka wapi?" Denise aliuliza. "Hiyo barua."

"Kwenye buti la gari. Kasha la vile vibao vya L vya wanafunzi wake, chini kabisa." Pauline alisita. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipungua. "Ila hiyo ni ya Machi. Jumatatu imekuja nyingine, ya hospitali hiyo hiyo. Nilimwomba nione."

"Ikasemaje?"

"Hakunionyesha. Aliisoma amesimama, akakaa chini. Halafu akaniuliza kama nina pasipoti."

Gari la kijivu lilifika barabara kuu. Denise alitazama taa yake ikizima, na badala ya kukunja kushoto kuelekea nyumbani Gainsborough, Trevor akakunja kulia.

Denise alinyoosha mkono mbele ya tumbo la Pauline, kiganja juu.

"Funguo za gari lako," alisema. "Na wewe unapanda."